Sanduku Lililoandikwa Vigae

Tunduma, Jumapili alasiri

Mwanangu Tusekile,

Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu sweta, kuhusu vyakula vya dirishani kwenye basi, na kuhusu kutomfungulia mlango mtu usiyemjua. Hayo namwachia yeye. Nimekaa barazani, malori yamepanga foleni kutoka mpakani hadi nisikoona mwisho wake, nawe uko ndani unafunga mizigo huku ukiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini. Kila ukinyamaza nadhani unatoka nje, nafunika karatasi kwa kiwiko. Barua hii usiisome ndani ya basi. Fika kwanza, oga, kaa kitako, ndipo uifungue.

Baba yako mdogo Lugano hakufa kwa malaria, wala hana kaburi Malawi kama tulivyokuambia. Aliuawa mchana, uani kwangu, na watu waliokuwa wakila naye ugali. Aliuawa kwa sababu ya neno moja nililoandika kwa mkono wangu juu ya sanduku. Sanduku hilo limo ndani ya stoo ya malikale unayokwenda kufanyia kazi, na ninaamini kwamba mifupa ya Lugano imo ndani yake.

Unakumbuka uliporudi kutoka mafunzo kwa vitendo, mwaka wako wa pili chuoni. Tulikuwa tunakula. Ulikuwa unamchekesha mama yako kwa habari za ile stoo, rafu zinazofika darini, popo, masanduku ambayo hayajafunguliwa tangu yaletwe. Ukasema kuna moja lililotoka Ileje, limeandikwa Vigae kwa mkono, na ile g ina mkia uliopinda kushoto kama g yangu. Ukasema, "Baba, nisingekujua ningesema umeliandika wewe." Niliacha tonge kwenye sahani nikaenda kunawa. Mama yako akakuambia nina kiungulia.

Tangu siku ile nimekuwa nikiianza barua hii na kuichana.

Wewe umenizoea karani wa wakala wa forodha, mzee wa kujaza fomu za mizigo. Unajua pia kwamba kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kule milimani juu ya Isongole. Usilolijua ni kwamba kwa misimu mitatu ya kiangazi nilifanya kazi hiyo hiyo unayokwenda kuianza. Walikuja watafiti kuchimba kwenye mgongo wa kilima penye matanuri ya wazee waliokuwa wakiyeyusha chuma. Walihitaji mtu wa kuosha, kuandika namba na kutunza stoo. Mkuu wao alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka chuo kikuu, mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi. Aliutazama mwandiko wangu kwenye daftari la mahudhurio akasema, "Wewe utakaa stoo."

Alinifundisha vitu ambavyo wewe umefundishwa darasani. Kigae huoshwa kwa mswaki ndani ya karai, hukaushwa kivulini juu ya gazeti, hupakwa mstari mwembamba wa rangi ya kucha isiyo na rangi, juu yake huandikwa namba kwa wino mweusi, kisha hupakwa tena. Kila kitu huingia daftarini siku ile ile: ni nini, kimetoka shimo lipi, kina gani, nani amekitoa. Kikihamishwa hata kutoka rafu hadi rafu, unaandika. "Mwalimu," aliniambia, "kitu kisichojulikana kimetoka wapi ni jiwe tu la kurushia kuku." Nilikuwa na furaha ambayo ubao na chaki havikuwahi kunipa. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na nilidhani nimegundua kwamba dunia yote inaweza kuwekwa sawa kwa wino na subira.

Msimu wa tatu tulipata mtu. Alikuwa amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, pembeni ya tanuri, na jembe la chuma limewekwa karibu na kichwa chake. Mama mkuu akasimamisha kazi pale pale. Akasema tusimguse mpaka wazee wa kijiji waambiwe, na kama kuna jambo la kufanywa, lifanywe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa najua lugha na watu, akanituma mimi.

Nilikwenda kwa jirani yangu Asumwisye. Migomba yetu ilikuwa imepakana, na baba yake ndiye mzee aliyekuwa na haki ya kusema na wafu wa kilima kile. Ingetakiwa unga, pombe ya ulezi kidogo, na maneno. Nilikaribishwa togwa. Tukaongea habari za mvua, za bei ya kahawa, za ng'ombe wao aliyevunjika mguu. Nikarudi kilimani bila kusema. Nikamwambia mama mkuu, "Wazee wamekubali."

Nimekuwa na miaka mingi ya kujiuliza kwa nini. Niliogopa watasema afukiwe, na uchimbaji uishe, na mimi nirudi kwenye chaki. Hilo ni nusu. Nusu nyingine ndiyo inayonitia aibu zaidi: sikutaka wale wageni wawaone watu wangu wakimwaga unga na pombe ndani ya mtaro uliopimwa kwa kamba. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kiasi cha kuona haya, na vichache mno kunitoa haya.

Sanduku la mifupa yake lilipotengenezwa, refu kuliko mengine, Asumwisye aliniuliza mwenyewe. Alikuwa ameegemea mlango wa stoo anakula muwa.

"Mwalimu, humo mmeweka nini?"

"Vigae tu."

"Vigae gani virefu hivyo?"

Nikacheka, naye akacheka, akatema kapi la muwa akaenda zake. Jioni nikachukua brashi nikaandika VIGAE juu ya mfuniko kwa herufi kubwa, na chini yake kwa herufi ndogo za kawaida, ili hata mtu akiuliza nikiwa sipo, mbao zimjibu. Uongo wa mdomo unaweza kuukana kesho yake. Huu niliupa maandishi, na maandishi ya mwalimu yaliaminiwa kijiji kizima.

Watafiti walirudi chuoni wakiacha masanduku tisa yasubiri gari la msimu uliofuata. Stoo yetu ilikuwa chumba nyuma ya ofisi ya kijiji. Mvua zilipoanza, bati likavuja juu ya rafu ile ile ya lile sanduku. Siku moja, mvua inanyesha, nikalibeba peke yangu begani hadi nyumbani na kuliweka chumba cha mahindi. Nikaandika daftarini: limehamishwa, kutoka wapi, kwenda wapi, sababu. Niliona nimetimiza kazi. Mama yako na Lugano niliwaambia ni vigae.

Mwaka ule kulikuwa na habari mbaya. Ilisemwa kwamba huko Mbozi na kwingine watu wanaokotwa wamekufa, wamechunwa ngozi. Sijui ngapi zilikuwa kweli. Baadhi zilikuwa kweli. Akina mama wazee walipigwa kwa sababu ya wekundu wa macho yao, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Wapiga ramli wakawa wanazunguka kijiji hadi kijiji, wanakusanya watu uwanjani na kunyoosha kidole. Wiki aliyouawa Lugano, Asumwisye alizika binti yake wa miaka minne, homa ya siku mbili tu. Alimzika Jumatano. Wapiga ramli walifika Jumamosi, wakanyoosha kidole kuelekea nyumbani kwangu. Walisema kuna mtu amelazwa ndani ya nyumba ile na hana jina. Kuna mama aliyekuwa ameniona nikibeba kitu kirefu mvuani peke yangu. Ilitosha.

Sasa nitakutenganishia niliyoambiwa na niliyoyaona, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kuandika.

Niliyoambiwa ni haya. Mama yako alikuwa shambani ng'ambo ya kijito, wewe una miezi saba tumboni. Mimi nilikuwa nimeshuka Isongole kununua chumvi na sabuni. Lugano alikuwa uani anatengeneza mlango wa banda la kuku. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa na tabia ya kucheka mtu akimkaripia, jambo lililowahi kumponza hata shuleni. Watu wakajaa uani, labda arobaini. Wakaulizia sanduku. Lugano akaingia ndani, akalitoa mwenyewe, akaliweka chini mbele yao.

"Jamani, mna kilo mbili za hasira kwa ajili ya vyungu?" akasema. "Someni wenyewe. Imeandikwa vigae."

Akachukua nyundo aliyokuwa nayo, akang'oa misumari, akauweka mfuniko kando ili waone. Juu kabisa kulikuwa na fuvu limefungwa gazeti. Mtu akalishika, akaligeuza, akaona wino wangu kisogoni. Akasoma kwa sauti: mia moja kumi na mbili. Ndipo mtu mwingine nyuma akasema, "Mia moja kumi na mbili. Kumbe wameshaua hadi huko."

Hadi hapo ni ya kuambiwa. Yanayofuata niliyaona.

Nilifika ukingoni mwa migomba, hatua kama thelathini kutoka uani. Lugano alikuwa amepiga magoti, shati limevutwa hadi usoni, mikono inatafuta mahali pa kushika. Asumwisye alikuwa na mchi wa jikoni kwetu, ule mama yako aliotwangia. Aliuinua kwa mikono miwili kama anatwanga. Pigo la kwanza lilivunja bega. Nililisikia kabla sijalielewa. La pili lilipiga kichwa. Mtu mwingine akatumia panga, si kwa ukali, kwa utaratibu, kama anayepunguza majani ya mgomba. Walikuwepo vijana niliowafundisha kusoma. Mmoja alikuwa akipiga kwa jiwe, anarudi nyuma, anapumzika, anarudi tena. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele, Tusekile. Hilo ndilo linalonirudia. Ilikuwa kama kazi ya msaragambo, ya kijiji kizima.

Lugano aliita, "Kaka, waambie." Aliita mara mbili. Sijui kama aliniona au aliita tu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na maelezo. Na kweli nilikuwa nayo. Ningetoka, ningesema sanduku ni langu, nimewadanganya. Huenda wangeniua mimi. Huenda wangetuua wote wawili. Lakini angesikia. Nilikuwa na pakiti ya chumvi mkononi, nikaiminya hadi ikapasuka, nikalala kifudifudi kwenye migomba.

Walimburuta ndani akiwa bado anasogeza mguu. Wakakusanya ile mifupa ya uani wakairusha juu yake, wakafunga mlango kwa waya, wakawasha nyasi za paa. Nilitazama mpaka paa lilipoanguka. Kisha nikatambaa hadi kijitoni, nikamkuta mama yako anarudi na kuni kichwani, nikamziba mdomo. Jua likiwa bado juu ya vilima tulivuka mto Songwe, maji yakimfika kifuani, nimemshika mkono na yeye ameshika tumbo. Ulizaliwa upande wa pili, kwenye ghala la mahindi la shangazi wa mama yako. Miaka mitatu baadaye tukaja Tunduma, ambako kila mtu ametoka mahali na hakuna anayeuliza.

Siku ile nilikuwa na daftari la stoo kwenye mfuko wa koti. Nililibeba kwenda Isongole kwa mazoea tu. Ndicho kitu pekee nilichotoka nacho.

Usiwaite watu wetu wajinga. Chuoni kwenu nimesikia watu wakitaja mambo ya namna hii kwa huruma ya kutoka juu, nawe uliwahi kuileta huruma hiyo mezani petu. Wao walisoma. Walisoma nilichoandika, wakafungua, wakakuta si hicho. Kila walichofanya baada ya hapo kilikuwa kibaya kuliko nilichofanya mimi, na sitawaondolea hata chembe. Ila wa kwanza kuvunja kitu kijijini siku zile nilikuwa mimi, kwa brashi.

Lipo la pili, na hili hata mama yako halijui lote.

Huu mguu ninaochechemea haukugongwa na lori kama tulivyokuambia. Ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa natoka kwenye kibanda chetu cha uwakala na mafaili kwapani, nikamwona Asumwisye kwenye foleni ya malori, amebeba gunia la maharage anataka kuvuka nalo kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Alikuwa amezeeka. Nilimtambua kwa jinsi alivyoinua gunia, mikono miwili, vile vile alivyouinua mchi. Hakuniona. Ningeweza kumfuata na kumwita kwa jina. Ningeweza kwenda polisi. Badala yake nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti kubwa, "Mwizi."

Unaujua mji huu. Neno hilo halihitaji kurudiwa. Vijana wa bodaboda waliacha pikipiki zikiwa zinanguruma. Wa kwanza alimpiga na kofia ya chuma usoni, na gunia likapasuka, maharage yakamwagika lami yote. Wakateleza juu yake na kucheka huku wakipiga. Matofali yalitoka kwenye nyumba inayojengwa pale. Nilisimama na mafaili yangu nikitazama, na sitakudanganya: kwa muda nilihisi kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu. Jicho lake la kushoto lilitoka mbele yangu. Mmoja akaleta tairi. Mwingine akawa anakinga petroli ya pikipiki kwenye chupa, akageuka kwangu, kijana mpole kabisa, na heshima zote.

"Shikamoo mzee. Kaiba nini?"

Hakuwa anataka ushahidi. Alitaka tu kujua. Nami nikafungua mdomo nitafute kitu cha kumbandika yule mtu, gunia, simu, chochote, na pale pale nikaona mkono wangu na brashi juu ya ule mfuniko. Nilikuwa nafanya tena kazi ile ile.

Nikasema si mwizi. Nikasema nimemfananisha. Mmoja akaniambia, "Mzee, toka, umeshasema." Nikamlalia. Nilimlalia Asumwisye kifua kwa kifua, damu yake inaingia mdomoni mwangu, na pigo la nondo lililokuwa linakwenda kwake likaangukia paja langu. Aliyetuokoa ni dereva wa lori kutoka Zambia ambaye sikupata kumjua jina. Alibana honi bila kuiachia, akalisogeza lile lori polepole hadi katikati ya watu, hatua kwa hatua, mpaka wakapisha na tukawa chini ya bampa lake.

Tulilazwa wodi moja, vitanda vimeachana kwa kabati dogo. Siku ya tatu akanigeuzia jicho lililobaki.

"Mwalimu. Sasa tumelingana?"

"Hapana," nikasema.

"Na mimi naona hapana."

Polisi walipokuja kuandika maelezo aliwaambia hakumwona aliyepiga kelele. Walipoondoka ndipo akanisimulia nisilolijua. Baada ya kuungua nyumba, siku ya nne, walikuja askari pamoja na ofisa mmoja kutoka mjini, wakasema mifupa ile ya kale ni mali ya serikali. Waliuliza kama kuna mtu aliyekufa. Kijiji kikajibu kwamba Lugano amekimbia pamoja nami. Hakuna aliyezikwa, kwa kuwa hakuna aliyekufa. Asumwisye akaamriwa yeye na wenzake wakusanye mifupa kutoka kwenye majivu.

"Nilikusanya yote," akaniambia. "Nilijua ipi ni ya nani mwanzoni, baadaye sikujua. Niliogopa kuacha hata mmoja, ofisa angeuliza huu wa nani. Nikaweka yote."

Wakapigilia sanduku jipya la mbao. Mfuniko wakatumia ule ule, kwa sababu Lugano alikuwa ameuweka kando na haukuungua, na ofisa akaondoka na sanduku.

Kwa hiyo yule babu unayempelekea chakula kila Jumapili baada ya ibada, yule mshona viatu mwenye jicho moja karibu na soko, ndiye huyo. Ulishaniuliza mara nyingi yeye ni nani kwetu, nikakujibu ni mtu wa nyumbani. Hakurudi tena kijijini. Hatuongei sana. Sijamsamehe, naye hajaniomba, na hajanisamehe, nami sijamwomba. Namshonesha viatu hata visivyotoboka.

Ulipochagua kusomea malikale ulidhani nilinuna kwa kuwa nilitaka usome sheria. Niliogopa. Ni mimi niliyekutia ugonjwa huo, kwa kukuokotea vigae njiani ulipokuwa mdogo na kukuonyesha alama za kidole cha mfinyanzi. Sikujua kama nilikuwa nakufundisha kupenda, au nilikuwa nakutuma. Leo nakutuma, na ni vizuri ulijue hilo, ili ukikataa ujue unachokataa.

Ndani ya mfuko mdogo wa begi lako, chini ya vitabu, utakuta daftari lenye jalada la kijani lililobanduka. Ukurasa wa hamsini na nane hadi sitini na tatu ni sanduku lile. Kuna mifupa themanini na sita ya yule mtu wa tanuri, kila mmoja na namba yake, urefu wake, na mchoro pale ulipokuwa umevunjika. Meno niliyahesabu. Moto huenda uliula wino, lakini haukubadilisha vipimo kiasi cha kukudanganya wewe uliyesoma, na michoro ipo. Linganisha mfupa kwa mfupa. Ule usiokuwemo daftarini ni baba yako mdogo. Alikuwa amewahi kuvunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo, alipoanguka kutoka mparachichi akiwa na miaka tisa. Uliunga vibaya. Utaujua.

Usiliendee wiki ya kwanza, wala usiliendee peke yako. Ukiwa peke yako utataka kumchukua, utamfunga kwenye kanga umlete kwenye basi, nami najua kwa sababu ndivyo ningefanya mimi. Usimwibe Lugano. Alibebwa kwa uongo mara moja, inatosha. Mwendee mkuu wako, mwonyeshe barua hii yote, pamoja na kurasa zinazonionyesha vibaya. Fungueni mkiwa wawili au watatu. Kila mnachokitoa, andika. Watakapomaliza wanaohusika, huyo wa kale naye awekewe utaratibu wake, na waulizwe wazee waliobaki kule kilimani. Unga na pombe nitanunua mimi, na safari hii nitasema nimekuja kwa jambo gani.

Unaona tatizo, maana una akili kuliko mimi. Ukiandika kwamba ndani ya sanduku kuna mtu aliyeuawa, kuna watakaouliza nani alimwua. Jana nilikwenda kwa Asumwisye nikamwambia unakokwenda na ninachotaka kukuomba. Alikuwa anashona soli. Aliendelea kushona hadi mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Aandike," akasema.

Nikamwambia watakuja kumchukua. Akasema amewasubiri tangu siku ile ya majivu, na kwamba kila lori linalopiga breki karibu na kibanda chake hudhani ni wao. Kisha akaniuliza kama wewe ndiye uliyekuwa tumboni. Nikasema ndiye. Akarudi kwenye kiatu chake.

"Aandike yote. Na jina langu aandike vizuri, watu hukosea."

Umeacha kuimba sasa. Nasikia zipu ya begi, na mama yako anakuambia umesahau taulo. Nitamaliza upesi.

Mkifika mahali pa lebo mpya, usiandike vigae. Andika Lugano, mtu wa milimani juu ya Isongole, mdogo wake Mwalimu, fundi wa mabanda ya kuku, miaka ishirini na miwili. Na ile fomu yenu uliyowahi kunionyesha, ukicheka kwamba imejaa maswali kama fomu za forodha, ina mstari kule chini unaouliza nani aliandika lebo ya awali. Ulisema karibu kila mtu huuacha wazi.

Usiuache wazi.

Baba yako